Alama za vidole zisizoonekana na dawa za kuzing'arisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wizi ukitokea mtaani Lamu, hukumu huanzia barazani kabla askari hajafika mlangoni: "Si wana ile taa? Waimulike nyumba, mwizi aonekane." Taa ipo, na dawa za kuipa kazi zipo. Ila taa haimjui mwizi wala mwenye nyumba. Yafuatayo ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi, pamoja na majibu yake.

Alama isiyoonekana ni kitu gani hasa?

Ngozi ya vidole ina mistari iliyoinuka, na juu ya mistari hiyo kuna vitundu vya jasho. Kidole kikigusa kioo hufanya kazi ya mhuri: mistari ndiyo maandishi, jasho na mafuta ndiyo wino. Jasho hilo karibu lote ni maji, nayo hukauka. Hubaki chumvi, urea na asidi amino (vijenzi vya protini) kwa kiasi kidogo mno, pamoja na mafuta. Mafuta hayo hayatoki kidoleni, maana viganja havina tezi za mafuta. Kidole huyachota usoni, nyweleni au kwenye sahani ya pilau. Ndiyo maana mtu aliyenawa mikono kwa sabuni sasa hivi huacha alama hafifu, na aliyetoka kujifuta jasho la uso huacha alama nzuri.

Mistari hiyo huumbika tumboni mwa mama na hukamilika kufikia mwezi wa sita wa mimba. Baada ya hapo haibadiliki mpaka mtu afe na mwili uoze, isipokuwa kwa kovu lililozama ndani ya ngozi. Mapacha wa kufanana nao hawafanani vidole.

Kung'aa kunasaidia vipi? Kwa nini isitumike poda nyeusi tu?

Poda nyeusi bado inatumika, na kwa kioo cha dirisha inatosha kabisa. Taabu huanza pale kitu chenyewe kina rangi nyingi. Chukua mkebe wa biskuti wenye picha za maua, maandishi mekundu na ukingo wa dhahabu. Ukiupaka poda nyeusi, mistari ya kidole hupotea ndani ya picha. Nusu ya alama iko juu ya ua, nusu juu ya herufi, na jicho halijui lifuate kipi. Ukiupaka poda inayong'aa kisha ukaumulika gizani kwa mwanga wa buluu na kuutazama kupitia kichujio, maua na maandishi huwa meusi na alama hubaki peke yake ikiwaka.

Siri yake ni hii. Kuna vitu vinavyofyonza mwanga wa rangi moja na papo hapo kutoa mwanga wa rangi nyingine wenye nguvu pungufu. Hupokea urujuani au buluu na kutoa kijani au manjano. Hupokea kijani na kutoa machungwa. Wanasayansi huita jambo hili floresensi. George Gabriel Stokes alilieleza nchini Uingereza mwaka 1852, na miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni maji ya kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria. Kwa kuwa mwanga unaoingia na mwanga unaotoka ni wa rangi mbili tofauti, unaweza kuuzuia ule wa kwanza usifike machoni na kuuacha wa pili upite. Hapo ndipo uchafu mdogo usioonekana mchana huonekana wazi.

Ile miwani ya rangi ya machungwa ni ya nini?

Ndiyo kichujio chenyewe. Taa ya buluu ya karibu nanomita 450 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hutazamwa kwa miwani ya machungwa, ya kijani kwa miwani nyekundu, na ya urujuani kwa miwani ya manjano. Kamera nayo huvishwa kichujio cha rangi hiyo hiyo. Ukivua miwani utaona mwanga mkali wa buluu tu, na macho yataumia.

Nina taa ndogo ya kukagulia noti dukani. Itaonyesha alama za vidole?

Hapana, au mara chache mno kwa bahati. Alama tupu, ambayo haijapakwa kitu, hung'aa kidogo sana. Mwaka 1977 nchini Kanada, Dalrymple, Duff na Menzel walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba baadhi ya alama hujitokeza zenyewe zikipigwa leza ya agoni. Lakini hiyo ni leza ya maabara, si tochi ya wakala wa M-Pesa. Kazi yao ndiyo iliyofungua njia ya dawa nyingi za kung'arisha zilizofuata.

Utakachokiona kwa taa ya dukani ni vitu vingine kabisa. Kanzu nyeupe iliyofuliwa itawaka buluu, kwa sababu sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha weupe. Karatasi nyeupe nayo itawaka vivyo hivyo. Na ukitoka nayo uani usiku, nge wataonekana kijani kibichi kwenye nyufa za mawe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi bora ya taa hiyo katika nyumba ya Lamu.

Dawa gani hutumika kwa kitu gani?

Mtaalamu hujiuliza kwanza: kitu hiki kinafyonza au hakifyonzi? Kioo, plastiki, chuma kilichopakwa rangi na mbao zenye vanishi havifyonzi, kwa hiyo alama hukaa juu juu. Karatasi, kadibodi na mbao ghafi hufyonza. Mafuta husambaa, lakini asidi amino hunata kwenye nyuzi na kubaki hapo miaka.

Kwa visivyofyonza, njia maarufu ni mvuke wa gundi, ile tunayoiita supa gluu. Kemikali yake ni sainoakrilati, na matumizi haya yaligunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kitu huwekwa ndani ya kabati lililofungwa, gundi hupashwa moto, na hewa hutiwa unyevu wa karibu asilimia 80. Mvuke hugandia mistari ya jasho na kuigeuza kuwa plastiki nyeupe ngumu. Tatizo ni kwamba weupe huo juu ya mfuko mweupe wa plastiki hauonekani. Ndipo huja rangi zing'aazo: kitu huoshwa kwa mmumunyo wa Rodamini 6G au wa rangi ya manjano iitwayo Basic Yellow 40, husuuzwa, hukaushwa, kisha humulikwa. Rodamini hupenda mwanga wa kijani na kutoa manjano ya machungwa. Ile ya manjano hupenda buluu na urujuani. Alama ambayo mvuke peke yake uliiacha kama ukungu hutoka na vitundu vyake vya jasho vikihesabika mmoja mmoja.

Mvuke ukizidi, nafasi baina ya mistari nayo hujaa gundi na alama huharibika moja kwa moja. Haifutiki ikarudiwa. Fundi mzuri huweka alama yake mwenyewe ya majaribio ndani ya kabati na kuzima mara inapotokeza, kwa kuwa ukosefu wa gundi hurekebishika na ziada yake hairekebishiki.

Na karatasi? Tuna kesi nyingi za ardhi huku.

Swali hili ni la Lamu kweli kweli: hati za mashamba, barua za makubaliano, bahasha. Poda haifai kwa karatasi iliyokaa muda mrefu. Hutumika dawa zinazoungana na asidi amino.

Kongwe ni ninhidrini. Siegfried Ruhemann aliigundua mwaka 1910, na mwaka 1954 watafiti wa Sweden, Odén na von Hofsten, wakapendekeza itumike kwa alama za vidole. Hutoa rangi ya zambarau ambayo haing'ai. Baadaye, mnamo 1990, ikaja dawa iitwayo kwa kifupi DFO; karatasi iliyochovywa humo hupashwa joto kavu la nyuzi 100 kwa dakika kama 20, kisha humulikwa kwa kijani na kutazamwa kwa kichujio cha machungwa au chekundu. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 kuna pia indanedioni, ambayo huchanganywa na chumvi ya zinki kidogo ili ing'ae zaidi, na maabara nyingi sasa huanza nayo.

Kwa nini kijani na si mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho itokayo kwenye taa ya noti? Kwa sababu ya yale yale ya kanzu. Karatasi nyeupe ina ving'arishaji vyake, na mionzi ya urujuanimno huviamsha vikafunika kila kitu. Mwanga wa kijani hauviamshi. Karatasi hubaki giza, alama huwaka.

Mpangilio una maana yake: kwanza macho na taa bila dawa yoyote, kisha picha, kisha DFO au indanedioni, na ninhidrini baadaye. Ukianza na ninhidrini umejifungia mlango. Vilevile kimiminika cha dawa huweza kuchuja wino, kwa hiyo hati ipigwe picha pande zote kabla haijaguswa. Na kama kuna shaka ya sahihi ya kughushi, mtaalamu wa maandishi aione mwanzo.

Unyevu na chumvi ya bahari vinaharibu alama?

Vina mema na mabaya yake. Hewa kavu na jua kali hukausha jasho haraka, na alama kavu hupokea gundi na poda kwa shida. Unyevu wa pwani huichelewesha kukauka, na hilo ni jema. Lakini unyevu huo huo huifanya poda ijikusanye madonge na kuchafua kioo kizima, na vumbi la chumvi lililotua juu ya chuma au kioo cha upande wa bahari hufunika mistari. Sehemu za ndani, kama droo, upande wa ndani wa kabati na nyuma ya kioo cha meza ya kujipambia, hutoa alama bora kuliko dirisha linaloelekea mkondo wa bahari.

Boti imeibwa ikapatikana imelowa. Inafaa kitu?

Inafaa zaidi ya watu wanavyodhani. Maji huondoa chumvi na asidi amino, ila mafuta hayayeyuki majini. Kuna mchanganyiko wa maji, sabuni kidogo na unga laini sana wa molibdeni disulfaidi, ambao hunyunyizwa juu ya kitu kikiwa bado kimelowa. Chembe zake hushikana na mafuta. Zipo aina zilizotiwa rangi ing'aayo kwa ajili ya mahali peusi. Kifuniko cha injini, tangi la plastiki la mafuta na vioo ndivyo vya kutazamwa. Ubao mkavu wa mashua ya kale na kamba za katani, sahau.

Usiifute wala kuianika juani ili "ikauke kwanza".

Mlango wa kuchonga na ukuta wa chokaa je?

Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa ni mbovu kwa kazi hii: una tundutundu na unamomonyoka. Mlango wa kuchonga una sehemu mbili tofauti. Nakshi zenyewe ni nyembamba mno kubeba alama kamili, lakini fremu laini iliyopakwa vanishi hutibiwa kama plastiki. Vitasa na njumu za shaba ni kisa kingine. Chumvi ya jasho hula shaba taratibu, hivyo alama inaweza kubaki imeandikwa kwenye chuma chenyewe hata baada ya kufutwa. Mwaka 2008 mwanasayansi John Bond wa Uingereza alionyesha jinsi ya kuitoa alama ya namna hiyo kwenye maganda ya risasi ya shaba. Tahadhari ni kwamba huku Lamu shaba husuguliwa mara kwa mara kwa ajili ya wageni.

Buibui, kanzu, leso?

Ni nadra. Kitambaa kina nyuzi zinazokatiza mistari. Nguo zifungwe kwenye mfuko wa karatasi. Kwa kawaida hutafutwa chembe za vinasaba badala ya alama.

Hina huficha alama? Na mafuta ya nazi?

Hina hupaka ngozi rangi tu, haiondoi mistari. Ikiwa bado mbichi na nene huweza kuijaza kwa siku chache. Mafuta ya nazi hutoa alama kubwa inayoonekana hata bila dawa, lakini yakizidi mistari huungana ikawa doa.

Wanaopata taabu ya kweli ni wavuvi wanaovuta nyavu na mishipi kila siku, na mafundi wanaokoroga chokaa na saruji kwa mikono. Mistari yao husagika, na wengine wameshakataliwa na mashine walipokwenda kuandikisha kitambulisho. Wakipumzika wiki kadhaa mistari hurudi ile ile. Kuna pia dawa ya saratani, kapesitabini, inayoweza kuchubua ngozi ya vidole mpaka alama zikapotea, na watu wachache mno duniani huzaliwa bila alama kabisa kwa sababu ya kasoro katika jeni moja.

Alama hukaa muda gani, na inaweza kusema iliwekwa lini?

Juu ya kioo kilichomo ndani huweza kukaa miezi au zaidi, na juu ya karatasi iliyohifadhiwa vizuri hukaa miaka mingi. Swali la pili ndilo zito, na jibu lake ni hapana: hakuna njia ya kuaminika ya kusoma tarehe ya alama. Kung'aa sana si dalili ya upya.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wake. Nyumba za Lamu haziishiwi wageni. Jirani huingia kuazima sinia, binamu huja kulala, fundi wa maji hupita, watoto wa mtaa mzima hucheza uani. Alama ya jirani kwenye sebule yako haimaanishi lolote. Alama yake ndani ya sanduku lililokuwa limefungwa kwa ufunguo inahitaji maelezo.

Katika sinema wanapulizia dawa na chumba kinawaka buluu. Ndiyo hiyo?

Siyo. Hiyo ni luminoli, nayo hutafuta damu. Mwanga wake hutokana na kemikali kukutana na chembe za damu, bila kuhitaji taa yoyote. Dawa tunazozizungumzia hapa haziwaki mpaka zimulikwe.

Nimeibiwa. Nifanye nini kabla polisi hawajafika?

Piga ripoti, kisha linda mahali. Huku shida kubwa si mwizi kuvaa glovu, ni upendo wa majirani. Habari ikienea, kichochoro hujaa watu wa kusema pole. Mmoja hushika komeo akionyesha lilivyovunjwa, mwingine huokota kikombe, shangazi hushika fagio. Wapokee kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, wakae hapo wapewe kahawa, mlango wa ndani ufungwe.

Usioshe, usifagie, usirudishe droo. Kama mvua au punda anatishia kitu kilichoachwa nje, kiinue kwa kushika kingo ambazo mtu hazishiki kwa kawaida, na kiweke ndani ya kisanduku bila kukisugua. Kitu kilicholowa kisifungwe kwenye plastiki kwa muda mrefu, kitaota ukungu. Andika majina ya wote walioingia tangu wizi ugundulike.

Wapelelezi wataomba alama za watu wa nyumbani. Usione umeshukiwa, wanataka kuziondoa zenu ili zibaki za mgeni. Vitu vinavyohitaji kabati la mvuke na leza haviwezi kumalizwa kituoni. Hufungwa, hutiwa lakiri, huandikwa kila anayevipokea, na huvushwa kwa boti hadi Mokowe kabla ya safari ya barabara. Maabara ya kitaifa ya DCI (Idara ya Upelelezi wa Jinai) iko Barabara ya Kiambu, Nairobi, na ilizinduliwa 2022. Kielelezo kilichosuguana na kingine ndani ya gunia hufika kikiwa hakina kitu, hata dawa iwe bora vipi.

Alama ikishang'aa, kompyuta hutaja jina?

Kompyuta hutoa orodha ya zinazokaribiana. Anayeamua ni mtaalamu, akilinganisha mahali mistari inapokatika na inapogawanyika. Naye hukosea. Baada ya mashambulizi ya treni ya Madrid mwaka 2004, FBI ya Marekani ililinganisha alama iliyokuwa kwenye mfuko wa plastiki na ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Akawekwa kizuizini karibu wiki mbili. Polisi wa Hispania wakaonyesha kuwa alama ni ya mtu mwingine, na FBI ikaomba radhi. Katika utafiti uliochapishwa 2011 Marekani, wataalamu 169 walipimwa: kuzihusisha kimakosa alama za watu tofauti kulikuwa asilimia 0.1, na kukosa kuona zilizofanana kweli asilimia 7.5. Ni kazi nzuri, ila haistahili kuitwa "haikosei kamwe", neno ambalo bado husikika barazani.

Mahakama hukubali ushahidi huu?

Ndiyo. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu kuhusu alama za vidole. Ni maoni, kwa hiyo upande wa pili una haki ya kumuuliza alitumia dawa gani, nani alipiga picha, kielelezo kilipita mikono ya nani, na kama mtaalamu wa pili alikagua.

Naweza kujaribu nyumbani au shuleni?

Poda, ndiyo: mkaa uliosagwa laini, brashi ya nywele laini, glasi safi na utepe wa selotepu vinatosha kwa somo. Mvuke wa supa gluu, hapana. Unachoma macho na mapafu, na ukipashwa moto kupita kiasi hutoa gesi ya sumu. Rodamini nayo si ya kuchezea, na leza hupofusha kwa kufumba na kufumbua. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi floresensi anunue maji ya toniki yenye kwinini na ayamulike gizani kwa ile taa ya noti. Yatang'aa buluu hafifu.

Nilitoa alama zangu ili niondolewe kwenye shaka. Sasa ziko wapi?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu alama za mwili kuwa data nyeti. Iandikie ofisi iliyozichukua, uulize zimehifadhiwa kwa madhumuni gani na zitafutwa lini, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.